Msinendeti, Mwasumini na Koja la Plastiki: Mmea Ukweao katika Sherehe na Swali la Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuhudhuria mahafali katika chuo kikuu cha humu nchini anaijua taswira hii. Mhitimu akishatoka uwanjani na joho lake, jamaa humzunguka kwa vigelegele na kumvika shingoni makoja ya nyuzi za plastiki zinazometameta: jekundu, la buluu, la rangi ya dhahabu. Picha hupigwa, soda hunywewa, na jioni makoja hayo huachwa kwenye kiti cha matatu au hutupwa kando ya njia.

Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mzaliwa wa Nyamarambe, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, alivikwa makoja manne ya aina hiyo siku ya mahafali yake. Hatua chache kutoka pale alipokuwa amesimama, mhitimu mwenzake kutoka upande wa Sotik alivikwa na babu yake mmea mbichi wenye majani membamba, uliosokotwa ukawa duara. Nyanya yake mwandishi, ambaye alikuwa amesafiri usiku kucha kuja kushuhudia siku hiyo, aliutazama ule mmea kwa muda mrefu, kisha akaligusa koja la plastiki lililokuwa shingoni mwa mjukuu wake na kuuliza: "Mjukuu wangu, hili halinuki, halinyauki wala halioti. Limetoka shamba la nani?"

Juma lililofuata, ripoti ya Kiswahili iliyobandikwa ubaoni ilieleza kwamba wahitimu "walivikwa mashada ya maua". Ukweli ni kwamba makoja ya plastiki hayakuwa na ua hata moja, na ule mmea wa yule mzee haukuwa umechanua siku hiyo. Sentensi ile ilikuwa sahihi kisarufi na ya uongo mara mbili. Aliyeiandika ni mwandishi wa makala haya.

Makala haya yamezaliwa na kosa hilo. Yanalenga kutimiza mambo matatu. Kwanza, kuuchunguza msamiati ambao Kiswahili tayari kinao wa kuitajia mimea ikweayo na mapambo yatokanayo nayo. Pili, kueleza jinsi mimea ya aina hiyo inavyotumiwa katika sherehe za baadhi ya jamii za Afrika Mashariki. Tatu, kupendekeza namna ambavyo Kiswahili kinaweza kulipokea jina la mmea ambao mamilioni ya Wakenya wanaujua kwa macho ilhali kamusi zetu hazijaufungulia mlango.

Kutambaa na kukwea

Ni muhimu tuanze na vitenzi, kwa kuwa ndivyo vinavyoubainisha mmea wa aina hii. Aghalabu wanafunzi huandika "mmea utambaao" kwa kila mmea usioweza kusimama wenyewe. Matumizi haya yanaeleweka, lakini hayatoshi. Kutambaa ni kwenda kwa tumbo juu ya ardhi, kama afanyavyo nyoka au mtoto mchanga. Viazi vitamu hutambaa. Mboga hutambaa hadi ipate ua wa kuushika, na hapo huanza kukwea. Kukwea ni kupanda juu kwa kushikilia kitu, na ndiyo maana mtu aangushaye nazi huitwa mkwezi. Kuparamia ni kupanda kwa pupa au kwa nguvu. Kujisokota ni kujizungusha juu ya kitu kingine mithili ya uzi. Mmea mmoja unaweza kutambaa, kukwea na kujisokota katika maisha yake. Mwandishi makini huchagua kitenzi kulingana na anachokiona.

Wala mimea ikweayo si migeni katika maisha ya Waswahili. Mtambuu, ambao majani yake hutafunwa pamoja na popoo na chokaa, hukwea. Mpilipili manga hukwea. Mbungo, utoao mabungo ya kutengenezea maji matamu ya kunywa, hukwea juu ya miti ya msituni. Upupu, ambao hakuna mtoto wa kijijini asiyeujua kwa mwasho wake, hukwea pia. Kwa hivyo lugha yetu imeizoea mimea hii kitambo. Tatizo letu halitokani na umaskini wa lugha bali uvivu wa mwandishi.

Kuhusu mapambo yenyewe, ikumbukwe kwamba shada, koja, kikuba na taji si visawe kamili. Shada ni fungu la maua au la vitu vingine vilivyofungwa au kutungwa pamoja. Laweza kushikwa mkononi au kuwekwa juu ya kaburi. Koja ni pambo lililotungwa ili livaliwe shingoni. Kikuba ni fungu dogo la maua na majani yanukiayo, ambalo mwanamke hulibandika kifuani au kulitia nywelini. Taji huvaliwa kichwani na hudokeza heshima au mamlaka. Anayeandika kwamba mwanariadha "alivikwa shada" amemvika kitu cha kushikwa mkononi.

Mwasumini wa pwani

Mfano wa kwanza unatoka katika kitovu cha Kiswahili chenyewe. Mwasumini, ambao wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac, una asili yake Asia ya Kusini. Huwa kichaka kidogo unapokosa egemeo, lakini ukipata ukuta au mti jirani hukwea. Maua yake ni meupe, hufunguka jioni, na harufu yake huenea uani kote. Jina asumini lina asili ya Kiajemi, nalo liliingia katika lugha nyingi kupitia Kiarabu.

Huko Lamu, Mombasa na Unguja, asumini ina kazi maalumu katika sherehe. Maua hutungwa uzini yakawa koja au mkufu wa bibi arusi. Yakichanganywa na majani ya mrehani na maua mengine yanukiayo, hufanywa kikuba. Mara nyingi machumba huchumwa kabla hayajafunguka ili yafungukie kwenye mwili wa mvaaji. Hapa utaona hekima ya wanaoyatunga: wanapima saa ya ua na saa ya arusi, wakahakikisha kwamba zinakutana.

Matumizi haya yanaiunganisha pwani yetu na ulimwengu mpana wa Bahari Hindi na ng'ambo yake. Nchini India makoja ya asumini ni sehemu ya arusi na ibada. Nchini Indonesia maharusi hupambwa kwa ua hilo hilo. Ufilipino ililitangaza kuwa ua la taifa mwaka 1934, na hadi leo makoja yake huvikwa wageni na washindi. Jambo la kuzingatia kwetu sisi wanafunzi wa lugha ni kwamba Waswahili walipoupokea mmea huu hawakuuita "ua jeupe linukialo la Asia". Walilichukua jina lake, wakalitia vokali mwishoni, wakaupa mti kiambishi m- na ua wakaliacha bila kiambishi. Tutaurudia utaratibu huu hapo baadaye.

Sinendet ya Bonde la Ufa

Ule mmea wa babu wa Sotik huitwa sinendet miongoni mwa Wakalenjin. Jina lake la kisayansi ni Periploca linearifolia. Neno la kwanza linatokana na Kigiriki, lenye maana ya kusokotana kuzunguka kitu. La pili ni Kilatini, lenye maana ya majani membamba kama mstari. Ni mmea wa nyanda za juu, wenye shina gumu linalojisokota juu ya miti mingine. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, maua yake ni madogo, na shina likikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Kimsingi, sinendet ni mmea wa kumpongeza mtu aliyevuka kizingiti. Kijana anapohitimu jandoni na kurejea kwa watu wake, huvikwa sinendet. Maharusi huvikwa. Mzee anayetawazwa huvikwa. Zamani mashujaa waliorudi salama kutoka vitani walipokewa kwa mmea huo. Siku hizi anayerudi kutoka "vitani" aghalabu ni mwanariadha. Anaposhuka kwenye uwanja wa ndege wa Eldoret na medali yake, wazee na akina mama humkaribisha kwa vitu viwili: kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na koja la sinendet shingoni au taji lake kichwani.

Ulinganisho mmoja wafaa hapa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, washindi walivikwa mataji ya majani ya mzeituni kwa kuufuata utamaduni wa Ugiriki ya kale. Wakenya watatu, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech, walizoa medali zote tatu za mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, wakasimama jukwaani na mizeituni vichwani. Ulimwengu ulilitazama taji lile kwa taadhima kwa sababu Wagiriki walikuwa wameliandikia kwa karne nyingi. Kwetu pia kuna taji la majani. Tofauti ni kwamba letu limeimbwa na kuvikwa, lakini halijaandikwa vya kutosha, hasa katika lugha ya taifa.

Ebbombo ya Buganda

Mfano wa tatu unatuvusha hadi Uganda. Waganda wana mmea uitwao ebbombo, Momordica foetida kwa jina la kisayansi, ambao ni wa jamii moja na maboga na matango. Hukwea kwa vikonyo vyembamba vinavyojizungusha kama chemchemi ya saa. Maua yake ni meupe yenye kuelekea umanjano, na matunda yake huiva yakawa ya rangi ya chungwa yenye miiba laini. Neno foetida lina maana ya kunuka vibaya, na kweli majani yake yakipondwa hayapendezi puani. Huo ni ulinganuzi mwema na asumini: si harufu pekee iupatiayo mmea hadhi ya sherehe.

Ebbombo ni mmea wa pacha. Mwanamke akijifungua pacha, yeye huitwa Nnalongo na mumewe huitwa Ssalongo. Katika sherehe ya kuwatoa pacha hao, wazazi na jamaa hujivika ebbombo kichwani na shingoni, na siku hiyo nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine hayatamkiki mbele ya wakwe huimbwa hadharani. Mmea huo huwa kama kibali. Aliyejivika ameingia katika muda usiokuwa wa kawaida, na jamii yote inajua kwamba ukivuliwa, ulimi nao urudi katika adabu zake.

Kwa majirani wetu Wajaluo, ambao wako karibu sana na Nyamarambe, mimea ikweayo hujitokeza katika msiba. Mzee akifariki, wanaume hushiriki tero buru, maandamano ya kukifukuza kifo, huku wamejifunika matawi na mimea ikweayo, wakiwa na ng'ombe, mikuki na ngao. Hivyo, mmea wa aina moja unaweza kuandamana na furaha mahali pamoja na majonzi mahali pengine. Kinachofanana ni kwamba katika hali zote mbili mtu yumo katikati ya kuvuka.

Nyamarambe na nyasi ya esuguta

Msomaji anaweza kuuliza: Je, Abagusii wenyewe wana nini? Nyamarambe iko mpakani. Upande mmoja ni milima ya Gusii na machimbo ya mawe ya Tabaka. Upande mwingine ni Wajaluo wa Migori. Na kusini ni Trans Mara, wanakoishi Wamaasai na Wakipsigis. Sokoni mtu husikia lugha nne kabla hajalipia ndizi, na Kiswahili ndicho kinachoziunganisha. Mahali kama hapa mila husafiri pamoja na bidhaa.

Katika jando la Abagusii, mmea uliokuwa na uzito mkubwa ni nyasi iitwayo esuguta. Waliotahiriwa walipoingia katika nyumba ya kutawa, waliwasha moto uitwao omorero ambao haukuruhusiwa kuzimika hadi mwisho wa kutawa. Esuguta ilipandwa ndani ya nyumba hiyo, na vijana walitakiwa kuitunza ili isinyauke. Nyasi iliyonyauka ilikuwa ishara mbaya. Kwa maneno mengine, kijana alifunzwa uangalizi kabla ya kukabidhiwa familia: kama huwezi kukilinda kijani kimoja mbele ya macho yako, utawalindaje watoto?

Sasa tuangalie kwa jicho la kiisimu. Kwa Wakipsigis na Wanandi, katika arusi ya jadi, bwana na bibi arusi hufungana nyasi mikononi, na nyasi hiyo huitwa segutiet. Ondoa kiambishi tamati cha Kikalenjin, inabaki segut-. Ondoa kiambishi awali cha Ekegusii, inabaki suguta. Lugha hizi mbili ni za familia tofauti kabisa: Ekegusii ni Kibantu na Kikalenjin ni Kinailoti. Mfanano wa sauti na wa kazi katika majina ya nyasi mbili za sherehe, baina ya watu waliopakana, wakapigana na kuoana kwa vizazi vingi, si jambo la kupuuzwa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu kuhusu ukopaji baina ya lugha za Kenya hana haja ya kusafiri mbali. Aende kwa wazee, asikilize majina ya majani.

Kwa nini mmea ukweao?

Ukiitazama mifano hii kwa pamoja, maswali ya maana hujitokeza. Mwandishi anaona sababu tatu zinazoweza kueleza kwa nini jamii zilizo mbalimbali zimeuchagua mmea wa aina hii.

Sababu ya kwanza ni ya kimatumizi. Shina linalojisokota hupindika bila kuvunjika, hivyo koja hufungwa papo hapo bila uzi wala sindano. Sababu ya pili ni ya kimaana. Kuvika ni kuzungusha, na kilichozungushwa hakina mwanzo wala mwisho. Aliyevikwa amezingirwa na watu wake. Sababu ya tatu ni ya kifalsafa. Mmea ukweao haufiki juu kwa nguvu zake pekee. Unahitaji mti wa kuegemea. Kijana aliyehitimu, mama wa pacha na mwanariadha mshindi wote wamefika walipofika kwa kubebwa na wengine. Kumvika mshindi mmea unaotegemea ni kumwambia, bila kutumia neno, kwamba ushindi huo si wake peke yake. Koja la plastiki halisemi hivyo. Linasema tu kwamba lilinunuliwa.

Pendekezo la msamiati

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha somo letu. Je, tuandike vipi sinendet katika Kiswahili? Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni kufafanua: "koja la mmea ukweao wa Wakalenjin". Ufafanuzi huu ni sahihi, lakini ni mrefu na hauwezi kubeba kichwa cha habari wala mshororo wa shairi. Njia ya pili ni kutumia neno lililopo, mathalani shada. Tumekwisha kuona hasara yake. Njia ya tatu ni kukopa na kutohoa, nayo ndiyo inayopendekezwa hapa.

Kwa kufuata kanuni ya silabi huru, sinendet huwa sinendeti. Kuhusu ngeli, tuige utaratibu ambao lugha yenyewe imeutumia kwa muda mrefu: mtambuu na tambuu, mlangilangi na langilangi, mwasumini na asumini. Mmea wenyewe uitwe msinendeti, katika ngeli ya U-I. Pambo litokanalo nao liitwe sinendeti, katika ngeli ya I-ZI. Kwa mfano:

Msinendeti umeukwea ule mti hadi kileleni. Misinendeti imepungua kingoni mwa msitu. Bibi arusi alivikwa sinendeti iliyosokotwa na shangazi zake. Sinendeti zote mbili zilikuwa bado mbichi.

Yuko atakayesema kwamba katika Kikalenjin -et ni kiambishi tamati, na kwa hivyo tukiandika sinendeti tutakuwa tumekopa mzizi na kiambishi chake pamoja. Hoja hii ni ya kweli, lakini haizuii. Alhamisi imekuja na kijenzi bainishi cha Kiarabu, wala hakuna anayekisikia tena. Kitabu kiliingia kikiwa neno zima la Kiarabu, tukaona ki- mwanzoni tukadhani ni kiambishi chetu, na leo tunasema vitabu. Lugha inayopokea haiombi radhi kwa sarufi ya lugha inayotoa.

Aidha, kukopa kutoka lugha za nyumbani si jambo jipya. Tunaposema ngeli tunatumia neno lililotoka Kihaya. Tunapojisajili katika kitivo tunatumia neno lililotoka Kipare, lenye maana ya ardhi yenye rutuba. Maneno haya mawili ndiyo msingi wa masomo yetu ya kila siku, na hakuna anayeyaona kuwa na kasoro kwa sababu yalitoka bara. Ikiwa Kihaya kimetupatia istilahi ya sarufi, Kikalenjin kinaweza kutupatia jina la koja la ushindi.

Pingamizi na majibu

Mjadala huu hauwezi kukamilika bila kuyakabili mapingamizi mawili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuyahifadhi maneno ya jando ni kuzihifadhi desturi zote za jando, zikiwemo zilizoumiza. Jambo hili ni zito, hasa kwetu Abagusii, ambao wasichana wetu walikeketwa kwa vizazi vingi. Sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji nchini Kenya, na makala haya hayautetei hata kidogo. Lakini esuguta haikumkata mtu. Jamii inaweza kukiacha kisu ikabaki na nyasi. Tena, mila inayobadilishwa inahitaji msamiati wake wa zamani ili iweze kujieleza: ni kitu gani kilichoachwa, na ni kitu gani kilichobakizwa. Asiye na maneno ya kuutajia urithi wake hawezi hata kuukosoa.

Pingamizi la pili ni kwamba sinendeti ni mali ya Wakalenjin, na kwamba kuiingiza katika Kiswahili ni kuwapokonya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali kuziendeleza lugha za kiasili. Kifungu cha 11 kinataka mbegu na mimea ya kiasili, pamoja na matumizi yake kwa jamii, vitambuliwe na kulindwa. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii. Hivyo basi, kulikopa jina kwa heshima, huku asili yake ikitajwa, kunaafikiana na roho ya sheria hizo. Kinachopora ni kulifuta jina na kuweka "shada la maua" mahali pake, kana kwamba waliousokota mmea ule hawakuwa na neno.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mmea ukweao una hadhi ya kipekee katika sherehe za jamii nyingi: asumini pwani, sinendeti katika Bonde la Ufa, ebbombo kule Buganda, na katika mipaka ya Nyamarambe nyasi ya esuguta iliyo jirani yake kimaana. Imebainika pia kwamba Kiswahili kina vitenzi na nomino za kutosha kuielezea mimea hii kwa usahihi, na kina utaratibu wake wa kupokea majina mapya.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Labda siku hizi tuongeze kwamba mwacha jina la mila ni mtumwa asiyejua kwamba ni mtumwa. Nyanya wa Nyamarambe aliuliza koja la plastiki limetoka shamba la nani. Mjukuu wake, aliyekuwa na shahada ya Kiswahili mkononi, hakuwa na jibu. Jibu lipo: halikutoka shamba la yeyote tunayemjua. Msinendeti una shamba, una mkono ulioukata, na una jina. Wajibu wetu sisi tulio katika vyama vya Kiswahili ni kuhakikisha kwamba jina hilo linapata ukurasa.

Maswali ya kujadili

1. Taja mimea mitano ikweayo au itambaayo inayopatikana kwenu. Eleza matumizi yake katika sherehe, kisha utoe jina la kila mmoja katika lugha yako ya kwanza na katika Kiswahili.

2. Tofautisha kwa mifano ya sentensi: shada, koja, kikuba, taji.

3. Tohoa maneno yafuatayo, kisha uyapangie ngeli ukitoa sababu: mursik, ebbombo, esuguta, segutiet.

4. "Lugha inayopokea haiombi radhi kwa sarufi ya lugha inayotoa." Jadili kauli hii ukirejelea maneno yenye asili ya Kiarabu na ya lugha za Kibantu katika Kiswahili.

5. Andika ripoti ya aya mbili kuhusu mahafali uliyoyahudhuria. Usitumie maneno "shada la maua" ila tu ikiwa uliliona shada, na lilikuwa la maua.